Miche Dhaifu ya Mama Kitalu

Mimi naandika vibao. Kila mti katika kituo chetu cha utafiti wa matunda una kibao cha bati kilichofungwa kwa waya, na kila kibao kimepita mikononi mwangu: namba, mwaka, mama, baba. Nina mwandiko mzuri na hasira za karibu, na kituo kizima kinayajua yote mawili. Nasema hivi mapema ili ieleweke kwamba ninapomsimulia Mama Kitalu, simpambi. Tuliwahi kununiana mwezi mzima kwa sababu alichukua brashi yangu nzuri, ile ya manyoya laini, akaifanya ufagio wa trei zake.

Kitalu ni kibanda cha nyavu na nailoni nyuma ya stoo, ambako mbegu huoteshwa kabla ya miche kupelekwa shambani. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyewe hapo. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi tangu usichana kwenye kitalu cha miti ya mbao, akijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea miche, maelfu kwa maelfu. Huko sheria ilikuwa moja: kiriba kimoja, mche mmoja, tena ule ulionona. Ikiota miwili, ng'oa mnyonge. Msimamizi alipita akikagua, na aliyekutwa na miche miwili kwenye kiriba kimoja alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Mume wake, fundi cherehani, alipofariki, alihamia upande huu na binti yake mdogo, akaomba kazi ya kupalilia. Haukupita mwaka akakabidhiwa kitalu.

Alikuwa msafi wa kuudhi. Kucha alizikata kila Ijumaa, na viatu vyake vya kazi vilikaa mlangoni vimeelekea ukutani kama vimepewa adhabu. Kwa wiki sita za mwanzo baada ya kupanda mbegu, hakuna mguu ulioingia humo isipokuwa wake, maana ukungu unaoua miche huletwa na mikono na viatu vya watu. Hata Daktari, mkuu wa utafiti, alizuiwa.

"Daktari, umetoka shambani, una udongo mpaka magotini," alimwambia mbele yetu sote. "Chungulia hapo hapo kwenye wavu. Macho hayaleti ukungu."

Daktari akacheka, akachungulia hapo hapo kwenye wavu. Ikawa hivyo kwa miaka kumi na minne.

Daktari huyu si wa sindano, ni wa machungwa. Alikuwa na mti mmoja tuliouita Jimama, mchungwa mnene usioumwa, unaozaa mpaka matawi yanaomba msaada. Kasoro yake ilikuwa moja tu: chungwa lake ni maji ya bomba yaliyotiwa rangi. Upande wa pili, nyuma ya ofisi, palikuwa na mchenza uliojiotea wenyewe kando ya ukuta. Ulikuwa mti mgonjwa mgonjwa, unatoa vichenza vidogo vyenye makunyanzi, ila ukikimenya kimoja ofisini, mlinzi kule getini anageuza shingo. Hakikuwa na mbegu hata moja ndani, kwa hiyo mchenza ule usingeweza kuwa mama. Ungeweza kuwa baba.

Ndoto ya Daktari ilikuwa kuwaoza hao wawili: nguvu za Jimama, harufu ya mchenza. Alipenda kumfundisha kila mgeni kwamba ladha ya tunda haikai ulimini. Alimpa pande la chenza, akamwambia azibe pua na atafune. Mgeni akatafuna. "Unasikia nini?" Utamu na uchachu kidogo, basi. "Sasa achia pua." Na hapo uso wa mgeni ulibadilika, maana chenza lilikuwa limefika. Ulimi unajua mambo machache, alisema Daktari, mengine yote ni hewa inayopanda kwa nyuma ya koo, na hewa hiyo imetengenezwa na vitu vingi vidogo ambavyo mti unaweza kumrithisha mwanawe.

Kila msimu wa maua alipanda ngazi na brashi ndogo, akachukua chavua ya mchenza, akaipaka kwenye maua ya Jimama aliyoyatayarisha, akayafunga kwa vifuko vya karatasi. Matunda yakiiva, mbegu zilikwenda kwa Mama Kitalu. Zikiota na kukua shubiri moja, zilitoka kitaluni kwenda shambani, na mimi niliandika kibao: mama Jimama, baba Mchenza wa Ukutani. Niliandika vibao mia tatu na kumi na mbili vya namna hiyo.

Mti wa jamii hii haukimbilii kuzaa. Miaka sita tulisubiri matunda ya kwanza. Siku hiyo Daktari alituita wafanyakazi kumi kwenye chumba cha kuonjea, akawasha taa nyekundu ili rangi ya tunda isitudanganye, akatupa vipande na karatasi za kuandikia. Nilionja, nikaandika neno moja: maji. Nilimchungulia dereva wa trekta, naye ameandika maji. Daktari alikusanya karatasi akasema bado, mingine inakuja. Mwaka uliofuata, maji. Na uliofuata. Tulifika mahali tunaona haya kuingia chumba kile, kwa sababu tulijua atatutazama nyuso kabla hatujameza.

Aliamini damu ya Jimama ni kali tu, kwamba akiendelea atampata mtoto mmoja aliyemchukua baba. Akazeeka hivyo. Miguu ikaanza kuvimba, figo zikagoma, akawa anakuja kazini siku mbili kwa wiki, kisha haji. Mchenza nao ukapata ugonjwa wa manjano, ule usio na dawa. Vikonyo, yaani vijitawi tulivyokata na kuvibebesha kwenye miti mingine, vilikufa vyote, maana ugonjwa ulikuwa umeshaingia mpaka kwenye utomvu. Maua yake ya mwisho yalitoa chavua ya kuzalisha matunda matano. Mchenza ukang'olewa, ukachomwa moto. Matunda yale matano ya Jimama yakatoa mbegu ishirini na tatu, na Mama Kitalu akazipanda kwa mikono iliyooshwa mara tatu.

Hizo mbegu ishirini na tatu ndizo zilizokuwa zimebaki duniani. Daktari alipiga simu kila asubuhi kutoka kitandani kwake.

"Wanangu hawajambo?"

"Hawajambo, Daktari. Wameshaota wote."

"Hao ndio wa mwisho, mama. Nakuachia wewe."

Mwaka huo huo kituo kilipata mashine ya harufu, na pamoja nayo akaja msichana wa kuiendesha, ambaye hatukuchelewa kumwita Binti wa Mashine. Unakamua mafuta ya ganda la tunda, unayatia humo, na mashine inachora milima kwenye karatasi, kila mlima ni kitu kimoja cha harufu. Binti alichukua matunda ya miti arobaini ya Daktari, akayapitisha yote. Alhamisi moja asubuhi nikiwa mlangoni mwa kitalu nafunga waya, alikuja ameshika furushi la karatasi kifuani. Wiki sita zilikuwa zimekaribia kwisha, Mama Kitalu akamruhusu kusimama kizingitini.

"Mama, naomba nikuulize," alisema. Alizitandaza karatasi kwenye meza ya kuchanganyia udongo. "Angalia hii, Jimama mwenyewe. Sasa angalia watoto wake. Huyu. Huyu. Huyu hapa."

Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Milima ile ile, mabonde yale yale. Ungedhani amechora moja akaipiga fotokopi.

"Wamefanana na mama yao," alisema Mama Kitalu.

"Hawajafanana, mama. Ni yeye. Watoto arobaini, hata mmoja asichukue kitu kwa baba? Haiwezekani." Binti alikuwa anaongea polepole, kama anayeogopa jibu. "Mbegu moja ya Jimama ikiota, inatoa miche mingapi?"

"Inategemea. Mitatu, minne. Mwaka juzi moja ilitoa mitano."

"Daktari ameandika kwenye daftari lake: mbegu moja, mche mmoja."

"Kwa sababu ndivyo alivyoona. Anachungulia nikishapunguza." Mama Kitalu alionyesha trei zake kwa kidevu, na fahari haikuwa imemtoka bado. "Kwangu mimi hutakuta miwili kwenye tundu. Naacha ulionona."

Binti aliketi juu ya gunia la samadi, na nguo zake nyeupe. Akatueleza. Kuna michungwa ambayo mbegu yake moja hubeba watoto wengi. Mmoja tu kati yao ndiye mtoto wa kweli, aliyetungwa na chavua ya baba. Wengine wote huchipuka kutoka kwenye mwili wa mama peke yake, ni Jimama mtupu, hawana baba. Na hao wa mama huwa wanene, wenye haraka, wanaofanana kama sare. Yule chotara mara nyingi ndiye mdogo, mwembamba, aliyepinda.

Nilimtazama Mama Kitalu. Alikuwa amenyanyua viganja vyake, anavitazama.

"Mikono yangu ilikuwa inanukia chenza," alisema.

"Lini, mama?"

"Kila mwaka. Siku ya kupunguza. Binti yangu akiwa mdogo alikuwa ananishika mikono jioni, anainusa, anasema mama leo umekula machenza bila mimi. Nilidhani ni hewa ya humu ndani." Alivinusa viganja. "Kila mwaka. Nimewang'oa kila mwaka."

Sijui kama nimewahi kuona mtu damu inamwishia usoni namna ile. Alishika nguzo ya kibanda. Mimi, kwa akili zangu fupi, nilichowaza kwanza ni vibao vyangu mia tatu na kumi na mbili vilivyoandika baba ambaye hayupo. Nilikasirika, kisha nikaona aibu kwa kukasirika.

Ni Binti aliyekumbuka swali lenyewe. "Hii ya mwaka huu ulipunguza lini?"

"Jumatatu."

"Umeitupa wapi?"

Mama Kitalu alikwisha kutoka, pekupeku, anakimbia. Na mwanamke yule nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia, hata mvua ikinyesha.

Shimo la mboji liko mwisho wa uzio. Tangu Jumatatu mzee wa toroli alikuwa amemwaga humo majani ya kufyeka, magunia mawili ya maganda kutoka chumba cha kuonjea, na majivu. Mama Kitalu aliingia mpaka kiunoni, akachimbua kwa mikono. Zile kucha za Ijumaa zilijaa uchafu mweusi na hakujali. Tulimfuata. Tulipanga kila tulichopata juu ya gunia: vijiti vya urefu wa kidole, vyenye majani mawili, matatu. Vilikuwa arobaini na moja alivyong'oa. Tulipata thelathini na nne.

Kila kimoja alisugua jani lake kati ya vidole, akanusa, kisha akampa Binti, kisha mimi. Chungwa. Chungwa. Chungwa. Kisha akanusa kimoja akafumba macho, akanipa. Jani lilikuwa limekauka, limevunjika kama karatasi, lakini mchenza ule wa ukutani ulikuwa humo, hai kabisa puani mwangu, mti tulioshauchoma. Tulipomaliza, vilikuwa tisa. Watoto tisa wa kweli, na wote wadogo, wote wamepinda, wote wa kutupwa kwa macho ya mkulima yeyote mwenye adabu ya kazi.

Vinane vilikuwa vimekauka kabisa. Kimoja kilikuwa kimelaliwa na majani mabichi, na shina lake lilikuwa bado na ukijani wa kama nusu ya kijiti cha kiberiti.

Tulirudi kitaluni tukasugua na majani ya wale ishirini na tatu waliobaki kwenye trei, wanono, wanang'aa. Chungwa, wote. Hakuna aliyekosea njia akabaki.

Mama Kitalu alikata ile nusu ya kijiti cha kiberiti kwa wembe, akachana shina la mlimau mchanga, akakipachika humo, akafunga kwa utepe wa nailoni, akafunika kwa mfuko ili unyevu usitoke. Alipomaliza ndipo alipoketi chini akalia, na Binti akamshika mabega, na mimi nikatoka nje kwa sababu sijui kukaa na mtu anayelia.

Siku zilizofuata zilikuwa za roho juu. Alikuja alfajiri, akaondoka giza likiingia. Chakula alichofungasha kilirudi nyumbani kama kilivyotoka. Asubuhi simu iliita.

"Wanangu hawajambo?"

"Hawajambo, Daktari."

"Majani mangapi?"

"Manne, wengine matano."

"Ee, safi. Nimeota usiku nawaonja."

Akikata simu alikuwa anaiweka mezani kifudifudi. Mara moja alinigeukia, macho yamemtoka. "Unanisikia ninavyodanganya? Mimi. Sijawahi kuchukua hata uzi wa kituo hiki."

"Hujadanganya, dada. Amekuuliza kama hawajambo, na hawajambo."

"Nyamaza," alisema, na alikuwa na haki.

Nilimshauri asiseme. Sioni haya kukiri. Mzee wa watu alikuwa anahesabiwa siku. Kwa nini tumpokonye alichobakiza? Wale ishirini na tatu wangechukua miaka sita kuzaa, yeye hatakuwepo kuona ni maji. Afe na ndoto yake, nani ataumia? Binti alisema hivyo hivyo, kwa maneno ya kisomi zaidi. Mama Kitalu hakukataa wala hakukubali. Alikuwa na mpango wake: kikonyo kikishika, kikatoa jani moja tu, atakwenda kwa Daktari nacho mkononi, aseme yote. Atasema, nimekuulia mamia, na huyu hapa mmoja. Bila huyo mmoja hakuwa na mdomo wa kufungulia.

Siku ya tisa kilikuwa bado kijani. Siku ya kumi na mbili jicho moja lilivimba, dogo kama kichwa cha pini, na nilimkuta anaongea nalo. Si maombi, alikuwa anaongea tu, anauliza kama joto linazidi, kama asogeze kivuli. Nilicheka, naye akacheka, na tangu Alhamisi ile sikuwa nimemsikia akicheka. Nilienda zangu nikafungua bati jipya, nikalikata, nikalisugua, nikaandika kibao kwa mwandiko wangu wote: mama Jimama, baba Mchenza wa Ukutani, na mahali pa namba nikaweka moja. Nilikificha kwenye droo.

Siku ya kumi na sita kilikuwa cheusi.

Aliuondoa mfuko, akakigusa, na kikonyo kikatoka chenyewe kwenye shina kama jino bovu. Hakulia. Nilitamani alie. Alikiweka pamoja na vile vinane vikavu, kwenye karatasi ya gazeti aliyokuwa ameihifadhi ndani ya mkebe, akaufunika mkebe, akachukua kopo la maji akaanza kumwagilia zile trei za ishirini na tatu, tundu kwa tundu. Nilimwambia apumzike. Hakuwa ananisikia.

Mchana ule ule Daktari alinipigia mimi. Sauti ilikuwa imepungua sana.

"Niandalie vibao ishirini na tatu," alisema. "Nataka niwaone na majina yao kabla sijaondoka. Mama Kitalu awalete hapa nyumbani, hata kwa toroli. Utakuja naye?"

Nilisema nitakuja. Nilikata bati vipande ishirini na tatu. Nilikuwa nimeandika vitatu Mama Kitalu alipoingia kwenye karakana yangu, akaona, akaweka kiganja chake juu ya bati la nne, juu ya rangi mbichi.

"Usiandike."

"Dada, mwache mzee."

"Usiandike uongo mwingine kwa ajili yangu." Rangi ilikuwa imemchafua kiganja na hakukifuta. "Nikimpelekea hivi vibao atanishukuru. Umefikiria hilo? Atanishika mkono anishukuru. Hapo ndipo nitakufa mimi, si yeye."

Tulikwenda kwa pikipiki yangu, mkebe ameukumbatia kati yetu. Nyumba ya Daktari ina chumba cha mbele chenye vitabu, na humo ndimo walimowekea kitanda, karibu na dirisha. Mkewe alitukaribisha, akaangalia nyuma yetu kutafuta miche, akatuletea viti. Mimi nilikaa. Mama Kitalu alibaki amesimama.

Daktari alikuwa amekonda uso na kuvimba miguu, kama watu wawili tofauti walioshonwa pamoja. Alitabasamu. "Wako wapi wanangu?"

Mama Kitalu alimwambia. Hakuzunguka mbuyu, hakumtaja msimamizi wa zamani, hakutaja wavu wala ukungu. Alisema mbegu ya Jimama hutoa miche mitatu, minne, na chotara ndiye yule mdogo, na yeye alikuwa anamng'oa yule mdogo kila mwaka, kwa mkono wake, akaacha wale wa mama. Alisema miti yote shambani ni Jimama. Alisema wale ishirini na tatu ni Jimama. Alisema mmoja alijaribu kumwokoa na amekufa leo asubuhi.

Tabasamu lilichelewa kuondoka usoni mwa Daktari. Lilibaki pale peke yake, bila mwenyewe. Kisha akasema, "Nilihesabu. Nilichungulia nikahesabu. Mmoja mmoja."

"Ulihesabu nikishapunguza, Daktari."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua kama ni kitu cha kuambiwa mtu. Ni kama kufagia."

"Miaka kumi na minne!" Alijaribu kujiinua, akashindwa, akapiga godoro kwa ngumi, mara mbili, ngumi isiyo na nguvu. Mkewe alimwendea, mzee akamsukuma kando. "Kumi na minne, unafagia!"

Mama Kitalu alifungua mkebe. Alikunjua gazeti juu ya shuka, karibu na mkono wa Daktari, na vile vijiti tisa vilikuwa hapo, vikavu, vimepinda. "Nimekuletea uwaone," alisema. "Sina kingine."

Nilidhani Daktari atavirusha. Aliviangalia kwa muda. Akachukua kimoja, akasugua jani kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka likawa unga, akaupeleka puani. Alifumba macho. Alivuta pumzi, akaishika, akaiachia puani polepole, kama alivyokuwa akitufundisha. Akachukua cha pili. Cha tatu.

"Ni lenyewe," alisema. "Ni chenza lile. Lakini kuna chungwa chini yake, linalibeba. Mnalisikia? Lina mwili." Uso wake ulikuwa umefunguka, na sitaki kuuona tena uso wa namna ile kwa mtu anayekufa, kwa sababu alikuwa amefurahi. "Ndoa yao ilikubali. Kumbe ilikubali."

Kisha akafumbua macho akamwona aliyesimama mbele yake, na kila kitu kikamrudia.

"Mingapi kama hii?" aliuliza. "Kwa miaka yote."

"Sijui, Daktari. Mia mbili. Pengine mia tatu."

"Toka."

Mama Kitalu aliinama kukunja gazeti. Daktari alifunika vijiti kwa kiganja. "Hivi acha," alisema, bila kumtazama. "Wewe toka."

Tulitoka. Nilimwambia apande pikipiki, akasema atatembea kidogo, nikaisukuma kando yake. Tulipita maduka, tukapita shule, watoto wanatoka. Karibu na kona ya kituo alisimama.

"Wewe ulilisikia hilo chungwa la chini?" aliniuliza.

"Hapana. Mimi nilisikia chenza tu."

"Hata mimi." Alikuwa anatazama barabara, si mimi. "Mwaka wa kwanza ule, kulikuwa na kimoja kidogo, tundu la mwisho la trei ya kwanza. Kilipinda hivi. Nilikionea huruma, nikakiacha siku mbili. Halafu nikakumbuka Daktari anakuja kuchungulia, nikaona aibu, nikaking'oa." Alishika usukani wa pikipiki kwa mikono yote miwili ili asianguke. "Angempata mtoto wake mwaka wa kwanza. Asingekuwa na haja ya hiyo mingine yote."

Nilimshikilia pikipiki mpaka alipoweza kutembea tena.